Jinsi ya kutofautisha nondo-mwezi wa Asia mpaka kwenye nususpishi, kwa sisi tulioko Tabora na Kigoma

Mwangaluka wadau. Mvua za kwanza zikishanyesha huku kwetu simu yangu huwa inajaa picha za nondo wakubwa wa kijani wenye mikia mirefu, mtu kampata kwenye taa za sheli njia ya Urambo, mwingine kamkuta kaganda ukutani huko Kasulu, na karibu kila picha inakuja na skrini shoti ya apu inayosema huyu ni Actias selene, yaani nondo-mwezi wa India. Alafu kuna wale wenye fremu za kioo, wameletewa zawadi na ndugu aliyesafiri China au Malaysia, ndani kuna nondo kakaushwa mabawa yamefunguliwa, na wao wanataka jina kamili mpaka nususpishi, yaani kikundi cha eneo fulani ndani ya spishi moja. Makundi yote mawili nayajibu hapa, maana kazi ni ileile ila mnaanzia sehemu tofauti.

Kanuni ninayoitumia ni fupi: mahali kwanza, rangi mwisho. Watu wengi wanafanya kinyume, wanaangalia kijani wanakimbilia jina, na ndo maana hizo apu zinawapotosha, kwa sababu apu nayo inaangalia kijani na mkia basi, haimuulizi nondo katoka wapi.

HATUA YA 1: Jua katoka wapi

Kama nondo umempiga picha akiwa hai Tabora, Sikonge, Uvinza, Kibondo, popote huku, basi huyo si wa Asia, funga hiyo apu. Jenasi ya Actias (jenasi ni kundi la spishi zenye undugu wa karibu) porini iko Asia, Amerika ya Kaskazini kuna Actias luna, na kuna yule wa milima ya Hispania na Ufaransa, Actias isabellae, ambaye vitabu vingi bado vinamwandika Graellsia isabellae. Afrika hatuna Actias wa porini. Sisi tuna ndugu zao wa jenasi ya Argema, na anayejulikana zaidi Afrika Mashariki na Kusini ni Argema mimosae, nondo-mwezi wa Afrika. Madagascar kuna Argema mittrei, jitu kubwa kweli lenye mikia inayopita urefu wa kiganja.

Kumthibitisha Argema mimosae angalia ukingo wa mbele wa bawa la mbele, pale juu kabisa panapoanzia bega. Kwa Argema pale pana rangi ya kijivu iliyochanganyika na kahawia, pana manyoya manyoya na panaonekana pamekwaruzwa kama gome la mti. Kwa Actias selene ukingo uleule ni mwekundu uliokolea, wekundu wa damu ya mzee unaoelekea zambarau, na ni laini. Shuka mpaka kwenye mikia: ya Argema ina shingo ya kahawia-nyekundu alafu mwishoni inafunguka na kuwa ya njano. Kifukofuko, kile kinyumba anachojifungia kiwavi ili awe nondo, nacho kinasema, cha Argema ni kigumu, cheupe cha kung'aa kama fedha na kina vitundu vidogo, wakati cha selene ni cha kahawia, kinafanana na karatasi, na mara nyingi kimefungwa ndani ya majani. Warina asali wanaoingia miombo wakikuta kifukofuko cha fedha kinaning'inia kwenye tawi, hasa kwenye mng'ongo, wakiache palepale wapige picha tu. Kiwavi wa Argema mimosae anakula majani ya mng'ongo, kwa hiyo ukiwa na mti huo nyumbani ndo pa kuanzia kuangalia.

Kama umeridhika wako ni Argema, kazi yako imeisha hapa, hatua nyingine ni za wenye fremu na wale mnaotumiwa picha kutoka Asia kwenye magrupu.

Sasa wa Asia. Muulize aliyekupa: nchi gani, na ikiwezekana mkoa gani, kisiwa gani. "Asia" peke yake haisaidii chochote. Kwa ufupi ramani iko hivi: India, Nepal na kuelekea Asia ya Kusini-Mashariki ndo kwa Actias selene. China sehemu kubwa ni Actias ningpoana, mwenye jina la mji wa Ningbo. Visiwa vya Andaman kuna Actias ignescens, Ufilipino kuna Actias philippinica, Sulawesi kuna Actias isis. Japani kuna wawili wanaochanganya watu sana, Actias aliena na Actias gnoma, nao nitawarudia kwa kirefu. Kuanzia kaskazini-mashariki mwa India mpaka Malaysia na Borneo kuna Actias maenas. Umeona? Ukijua tu kisiwa, majina mengi yameshajiondoa yenyewe kabla hujaangalia hata doa moja.

Tahadhari moja kubwa kwa wa kwenye fremu. Nondo wengi wanaouzwa hawakukamatwa porini, wamefugwa, na wafugaji wengine wanachanganya mbegu, kuna mpaka chotara wa Actias luna na Actias selene. Huyo chotara hana nususpishi, hata ukodoe macho mpaka asubuhi. Kwa hiyo kama lebo imeandikwa nchi ya muuzaji badala ya sehemu nondo alipotoka, we mwishie kwenye spishi, nususpishi acha.

HATUA YA 2: Picha inayosomeka

Hapa nitapita haraka ila msidharau. Picha ya juu mabawa yakiwa yamefunguka, picha ya chini yake, picha ya kichwa kwa karibu, na rula iwepo pembeni. Mwanga wa mchana wa kivulini, sio flashi, flashi inafanya kijani kiwe cheupe. Fremu igeuze nyuma uone kama kuna maandishi, na kama nondo yuko kwenye pini basi kile kikaratasi kidogo kilichochomwa chini yake ndo chenye thamani kuliko nondo mwenyewe, kipige picha hata kama hakisomeki vizuri.

Wanaotafuta wa kwetu hai: shuka jeupe, taa kali, sehemu yenye giza mbali na nyumba, na chagua siku ambazo mwezi haupo, mbalamwezi ikiwaka wadudu wanaokuja kwenye taa hupungua sana. Usilale mapema, wengi wanaingia usiku wa manane. Na kwa ndugu zangu wa Kigoma, ndani ya Gombe na Mahale hairuhusiwi kukusanya wadudu bila vibali vya utafiti, piga picha tu.

HATUA YA 3: Dume au jike

Hii watu wanairuka alafu wanapoteza mwelekeo mzima. Angalia vipapasio. Dume ana vipapasio vipana kama unyoya wa kuku, vimechanua pande zote, kwa sababu anavitumia kunusa harufu ya jike kutoka mbali. Jike ana vyembamba, na tumbo lake ni nene limejaa mayai.

Kwa nini ni muhimu? Kwa sababu kuna spishi ambazo dume na jike hawafanani hata kidogo. Actias sinensis dume ana rangi ya njano, jike ni wa kijani kinachoelekea buluu. Actias maenas ndo kabisa, dume ni wa njano na mabaka ya kahawia-zambarau mabawani, jike ni wa kijani. Mtu akiletewa fremu yenye wote wawili anaapa ni spishi mbili tofauti, kumbe ni mke na mume. Ukikuta dume anatofautiana na jike, hiyo si nususpishi, hiyo ni jinsia. Linganisha dume na dume, jike na jike, basi.

HATUA YA 4: Hali ya nondo mwenyewe

Nondo hawa wakishatoka kwenye kifukofuko hawali kitu, midomo yao haifanyi kazi, wanaishi kama wiki hivi wanatafuta mwenza wanataga wanakufa. Katika hiyo wiki magamba ya mabawa yanapukutika na kijani kinafifia. Waliokaushwa ndo mbaya zaidi, ukimtundika ukutani jua linapopiga, au akalainishwa kwa unyevu wakati wa kumpanga mabawa, kijani kinageuka njano au weupe wa maziwa. Nimeona watu wanabishana "huyu ni nususpishi ya njano" wakati ni nondo wa kawaida aliyekaa dirishani muda mrefu. Geuza umwangalie sehemu zilizofunikwa, pale bawa la mbele linapolalia bawa la nyuma, kama pale kijani bado kimekolea na sehemu iliyo wazi imepauka basi jua limefanya kazi yake.

Msimu nao unabadilisha rangi. Mfano ulio wazi ni wa Actias luna wa Marekani, wanaotoka majira ya kuchipua kwenye maeneo ya kusini wana ukingo wa nje mwekundu, wanaotoka kiangazi wana ukingo wa njano, na wote ni spishi moja, sehemu ileile. Kwa hiyo rangi ya ukingo peke yake usiitegemee, ulizia na tarehe.

Mikia sasa. Watu wanapenda kupima mikia, na ni kweli urefu na umbo la mkia vinasaidia, ila hakikisha mkia ni mzima. Ile mikia ni ya kumpoteza popo. Popo anawinda kwa mwangwi wa sauti yake, mkia ukizunguka nyuma ya nondo unarudisha mwangwi wake wenyewe, popo anauma mkia anakosa mwili. Jesse Barber na wenzake Marekani walichapisha utafiti wao mwaka 2015, waliwaweka Actias luna kwenye chumba kimoja na popo, wakakuta wenye mikia wanapona zaidi kwa asilimia 47 kuliko waliokatwa mikia. Mi naupenda sana huu utafiti. Maana yake kwetu hapa ni kwamba nondo wa porini mwenye mkia nusu ni jambo la kawaida, sio alama ya nususpishi "yenye mkia mfupi". Angalia ncha, kama imechanika au haina ule mzunguko laini mwishoni, usipime.

HATUA YA 5: Alama, moja baada ya nyingine

Anza juu ushuke chini, na uandike kwenye daftari, usitegemee kichwa. Ukingo wa mbele una rangi gani. Ncha ya bawa la mbele imechongoka au imejikunja mviringo. Doa la jicho la bawa la mbele, yaani lile doa linalofanana na jicho, ni duara au limebinywa kama yai. Doa la bawa la nyuma je. Mstari wa nje wa bawa umenyooka au una mawimbi, umekolea au unaonekana kwa shida. Mkia una rangi gani katikati, umepinda au umenyooka.

Chukua selene na ningpoana kwanza, maana ndo hao wanaokuja sana kwenye fremu. Wote kijani cheupe-cheupe, wote ukingo wa mbele mwekundu uliokolea. Tofauti ya kuanzia nayo ni mkia: wa selene una rangi ya waridi inayoonekana wazi, na mkia unajipinda, wakati kwa ningpoana mara nyingi mkia unabaki kwenye kijani na njano, waridi ni kidogo au hamna. Nasema mara nyingi kwa sababu aliyepauka atakudanganya, ndo maana hatua ya 4 imetangulia. Mkia wa waridi pamoja na lebo ya India au Nepal, hapo andika selene bila wasiwasi. Mkia wa waridi na lebo ya China, rudi kwa aliyekupa ukamuulize tena.

Sasa wale wa Japani, na hawa nawapenda kwa sababu wanamfundisha mtu kuangalia. Aliena na gnoma wanaruka nchi moja, wote kijani cha kupauka, ukiwaweka mezani kwa mbali huoni tofauti. Sogea. Doa la jicho kwenye bawa la mbele, kwa gnoma ni duara, kwa aliena limerefuka kama yai. Ncha ya bawa la mbele ya gnoma imechongoka zaidi, na mkia wake ni mrefu zaidi. Vipapasio vya dume wa aliena vinaelekea kahawia, vya gnoma vina njano-kijani, ila hii iangalie kwa nondo mbichi tu. Na kama una bahati umepata picha ya kiwavi, maliza ubishi kichwani: kiwavi wa aliena ana kichwa cha kahawia, wa gnoma cha kijani. Chakula kinasaidia pia, gnoma anategemea miti ya jamii ya Alnus wakati aliena anakula miti mingi ya aina tofauti, ikiwemo micheri. Alama moja inaweza kukuangusha, tatu zikikubaliana hapo una jibu.

Viwavi kwa ujumla mnawasahau sana nyie. Kiwavi wa selene akitoka tu kwenye yai ni mwekundu mwenye mkanda mweusi mgongoni, wa luna akitoka tu ni wa kijani tangu siku ya kwanza. Wakifika ukubwani wote wanakuwa kijani na mtu anachanganyikiwa. Kwa hiyo rafiki yako anayefuga huko India au Thailand mwambie apige picha viwavi wakiwa wadogo kabisa, hiyo picha ina uzito.

HATUA YA 6: Soma jina vizuri, maana majina yamehama

Jina la nususpishi lina maneno matatu: jenasi, spishi, nususpishi. Actias sinensis sinensis ni yule wa bara, Actias sinensis subaurea ni wa Taiwan. Lile neno likijirudia mara mbili maana yake ni kundi ambalo spishi nzima ilielezewa kutoka kwake, haimaanishi kwamba ndo "halisi" na wengine feki.

Shida ni kwamba makundi mengi yaliyokuwa nususpishi yamepandishwa na kuwa spishi kamili. Ningpoana alielezewa mwaka 1862 na Felder wawili, baba na mwana, akaja kuwekwa chini ya selene kwa muda mrefu, kwa hiyo lebo ya zamani itasema Actias selene ningpoana na kitabu cha sasa kitasema Actias ningpoana. Ni nondo yuleyule. Aliena vilevile, zamani aliandikwa Actias artemis aliena, leo anasimama mwenyewe, na jina artemis limebaki kwa wale wa Urusi ya mashariki, Korea na kaskazini mwa China. Kwa hiyo ukikuta watu wawili wanabishana mmoja na kitabu cha zamani mwingine na orodha mpya, uliza kwanza kila mmoja anasoma cha mwaka gani. Wakati mwingine ugomvi wote ni karatasi.

Ushauri wangu: andika jina la sasa alafu chini yake nakili lebo ya zamani neno kwa neno, usiirekebishe. Atakayekuja baada yako anahitaji kuona kilichoandikwa mwanzo.

HATUA YA 7: Picha ikishindwa

Kuna nondo ambao macho hayawezi, hilo tulikubali. Wataalamu wanakata ncha ya tumbo, wanailainisha kwa potasiamu haidroksaidi, wanaangalia viungo vya uzazi vya dume kwenye hadubini, kwa sababu maumbo yale hayabadiliki kwa jua wala kwa msimu. Njia nyingine ni DNA, wanachukua mguu mmoja tu, wanasoma kipande cha jini la COI chenye herufi 658 hivi, wanalinganisha na hazina ya data ya dunia nzima. Hayo usiyafanye jikoni kwako, ila jua yapo, na usikubali mtu akukate maneno kwa picha moja ya simu ilhali spishi zenyewe zinahitaji maabara.

Na kama umefika hapa jibu halijapatikana, andika unachokijua na usimame hapo. "Actias, kundi la selene, China, dume, amepauka" ni jibu zuri kabisa, linamsaidia mtu kuliko jina la maneno matatu lililobahatishwa. Nususpishi bila mahali haiandikwi, hata alama zikiwa nzuri vipi.

Neno kwa wanaotaka kuagiza mayai au vifukofuko vya Asia mtandaoni ili wafuge huku, maana nimeanza kuona mnaulizana. Mdudu hai kutoka nje anahitaji kibali, waulizeni TPHPA, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, kabla hamjatuma hela. Viwavi hawa wanakula miti ya aina nyingi, na miombo yetu ndo inayolisha nyuki wa mkoa mzima, sitaki kuona mtu anafungua boksi la selene huko Sikonge alafu anasema walitoroka. Mkitaka kufuga anzeni na Argema wa hapahapa.

Mkinitumia picha sasa, ziambatanishe na haya: mahali mpaka kijiji au kisiwa, tarehe, alikuwa hai au kakaushwa, picha ya juu na ya chini, picha ya vipapasio, na lebo kama ipo. Skrini shoti ya apu msitume.